Mwaka Ambao Mghange Ilikuwa Nyeupe

Siku tuliyomzika Sista Nyambu, Ouma alinishika mkono kando ya kaburi, udongo ukiwa bado mbichi, akaniuliza kama ile hasira yangu bado ninayo. Alikuwa amesafiri siku mbili, kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa basi, kisha treni ya SGR mpaka Voi, kisha gari la kukodi lililompandisha milima yetu hadi Mghange, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye goti bovu. Nilimwambia ninayo, tena nzima, na sina mpango wa kuitua. Alicheka kidogo. "Afadhali," akasema. "Nilidhani nimebaki peke yangu." Wanawake waliokuwa nyuma yetu walitazamana. Bila shaka walifikiri ni mambo ya zamani ya mwanamume na mwanamke. Sikujisumbua kuwaeleza kwamba tulikuwa tunazungumzia hesabu, na kwamba hesabu hizo ziliwahi kumfuta mtu wa kijiji hiki hiki kana kwamba hakuwahi kuugua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na cheti cha maabara ambacho bado kilinukia gundi ya fremu, nilipopelekwa kwenye zahanati ndogo ya mradi wa malaria kule Mghange. Nyambu ndiye aliyekuwa muuguzi msimamizi. Alinizidi miaka kumi na miwili na alinipokea kwa kunikabidhi ndoo. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa: vitanda viwili vya chuma, pazia la leso katikati, na jiko la makaa ambalo tuliliingiza ndani msimu wa baridi, mlango ukiachwa wazi upana wa kiganja ili tuamke wazima. Nikifumba macho leo nasikia harufu ya kimanga, mihogo na maharagwe yakipondwa pamoja ndani ya sufuria, Nyambu akiponda kwa hasira zote za siku nzima na kuniambia, "Kula, Mghoi, kesho kuna mlima." Maabara yangu ilikuwa meza moja inayotikisika, karibu na dirisha. Maikroskopu ilitegemea kioo cha kuvuta mwanga wa jua, kwa hiyo ukungu ukishuka kazi ilisimama, nami nilikaa na wagonjwa kwenye benchi tukizungumza bei ya kabichi mpaka mwanga urudi. Nilijifunza mengi kwenye benchi lile. Chuoni hakuna aliyeniambia kwamba kumsikiliza mgonjwa ni sehemu ya kipimo.

Ofisi ya mradi ilikuwa Voi, karibu na barabara kuu, na ukutani mwake kulikuwa na ramani ambayo kila mgeni alionyeshwa kabla ya kupewa chai. Ilikuwa ramani ya malaria. Taveta yote, pamoja na Bomeni na mashamba yanayopata maji ya mto, ilipakwa nyekundu. Voi na tambarare za mkonge zilikuwa rangi ya machungwa. Milima yetu ilikuwa nyeupe, nyeupe ya karatasi yenyewe, maana yake hapa ugonjwa huu hauambukizwi. Ramani hiyo haikuchorwa na mtu aliyezunguka kila kijiji. Ilitoka kwenye kompyuta ya Daktari Ouma, mtaalamu wa hesabu wa mradi. Yeye alikuwa ametengeneza kile walichokiita modeli: milinganyo iliyochukua joto, mvua na kimo cha mahali, ikatoa rangi. Nasi tuliishi chini ya rangi hizo. Dawa na vyandarua vilifuata nyekundu kwanza, kisha machungwa. Nyeupe ilipata kikasha kidogo cha dawa kwa ajili ya watu waliorudi kutoka bondeni wakiwa wagonjwa tayari, wachuuzi wa soko la Taveta na madereva.

Mvua za masika mwaka ule zilinyesha mpaka watu wakachoka kuzishukuru. Zilipokatika, benchi langu lilijaa. Homa, baridi, kichwa, viungo. Nilitoboa vidole, nikapaka damu kwenye slaidi za kioo, nikatia rangi, nikaangalia. Asubuhi ya kwanza nilipoviona vimelea, vipete vidogo ndani ya chembe za damu, vimekaa wazi kama walivyotufundisha, nilimwuliza mgonjwa alisafiri lini. Alikuwa Mama Wakio, mjane aliyetuuzia maziwa, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Voi? Nitatafuta nini kwa joto lile? Mara ya mwisho nilishuka kumpeleka binti yangu aolewe, mwanangu, na huyo binti sasa ana wajukuu." Nilimpa dawa, akapona, akarudi kutuletea maziwa. Lakini nyuma yake kulikuwa na wengine, na kila mmoja nilimwuliza swali lile lile, na wengi hawakuwa wamevuka hata mto wa chini. Niliyaandika yote kwenye daftari la zahanati, jina, tarehe, matokeo, safari. Safari: hakuna. Safari: hakuna.

Nilibeba daftari hilo hadi Voi kwenye mkutano wa mradi, pamoja na slaidi zangu, nimezifunga kwa pamba ndani ya kikasha cha sabuni. Nilidhani watashtuka. Kabla ya mkutano nilitafuta choo nikapotea kwenye ukumbi mwembamba, na nyuma ya mlango ulioachwa wazi nikamsikia meneja wa mradi akimwambia mtu, "Msichana ana cheti tu. Kule ni baridi, mbu atafanya nini? Anaona takataka za rangi, anaziita vimelea." Yule mwingine akacheka. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kikasha cha sabuni, masikio yakiwaka. Halafu niliingia mkutanoni, nikaketi, nikanywa chai yao, na zamu yangu ilipofika nikasema nilichokuja kusema. Meneja alinisikiliza kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua, kisha akanyoosha kidole ukutani. "Modeli haionyeshi hivyo, dada." Niliziweka slaidi mezani, nikamwambia aziangalie. Ofisi haikuwa na maikroskopu. Nakumbuka nilitazama kila pembe ya chumba kile chenye kompyuta, feni na viti vya kuzunguka, nikitafuta maikroskopu, na haikuwapo. Daktari Ouma alikuwa amekaa mwisho wa meza, kijana mwenye miwani, akichora duara kwenye karatasi.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua. Nyambu aliisoma kwa sauti chumbani kwetu, sufuria ikichemka. Ilitutaka tuliandike daftari upya, na pale nilipoandika malaria, kama mgonjwa hakusafiri, niweke "haijathibitishwa." Mimi nilitakiwa kujiandaa kwa mafunzo mapya. Ombi letu la dawa zaidi lilikuwa halina msingi.

"Siandiki," nilisema.

"Wanaweza kukufuta kazi, Mghoi."

"Wanifute. Nilichokiona nimekiona."

Nyambu aliendelea kukoroga. Aliogopa, na nilijua kwa nini. Alikuwa na watoto wawili shuleni kwa mshahara ule mmoja. Kisha aliikunja barua mara nne, akaenda maabara, na akaichomeka chini ya mguu wa meza yangu, ule mfupi. "Mimi barua sijaiona," alisema aliporudi. "Lakini meza angalau imetulia." Mpaka leo nikisikia watu wakisifu ujasiri, namwona yeye akiinama kwenye mguu wa meza.

Dawa zilituishia siku ya Alhamisi. Mama Wakio aliugua tena Ijumaa, na safari hii homa ilimpanda kichwani, akawa anamwita mumewe aliyekufa zamani. Niliangalia damu yake. Sikuhitaji kutafuta, vimelea vilijaa kila mahali nilipoelekeza macho. Mwenye pikapu ya kabichi alimwaga mzigo wake kando ya barabara bila kuombwa mara mbili, tukamlaza mgonjwa nyuma juu ya godoro langu, Nyambu akapanda naye, nami nikabaki kulinda zahanati. Walipita Wundanyi wakashuka zile kona za kwenda hospitali ya Voi. Hawakufika Mwatate. Nyambu alirudi jioni, godoro limekunjwa, akaketi kitandani na viatu vyenye matope akasema, "Ameniambia nipunguze moto wa jiko." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Mama Wakio, mwanamke aliyekuwa anatetemeka kwa baridi na kuungua kwa wakati mmoja. Kwenye karatasi za mradi alifariki kwa homa ya mapafu. Sehemu nyeupe haikuwa na malaria, kwa hiyo hakuweza kufa nayo.

Nilishuka Voi Jumatatu iliyofuata bila ruhusa. Sikwenda kwa meneja. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha Ouma, nikavuta kiti, nikamweleza habari ya Mama Wakio tangu maziwa mpaka godoro. Alivua miwani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila jibu, hata la kunifukuza, isipokuwa lile alilonipa. "Unataka nifanye nini?" aliuliza, na aliuliza kweli. Nikamwambia, "Nifungulie hiyo modeli. Nataka kuona inavyofikiri."

Basi akanionyesha, na hapa lazima niseme ukweli ingawa haunifurahishi: niliipenda. Alichukua karatasi akaandika kwa mkono. Mbu akimnyonya mgonjwa, kimelea hakiwi tayari siku ile ile, kinahitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu. Pakiwa na joto, kinakomaa haraka. Pakiwa na baridi, kinachelewa, na kwa kuwa mbu haishi sana, anakufa kabla kimelea hakijakomaa, na ugonjwa unakomea hapo. Kwa hiyo kila mahali duniani pana mbio kati ya kukomaa kwa kimelea na kifo cha mbu, na nani atashinda inategemea joto. Mistari minne ya hesabu ilieleza kwa nini Taveta inaugua na milima inapona. Nilikuwa nimeangalia vimelea mwaka mzima chuoni na hakuna aliyenionyesha kitu kizuri namna ile. Niliiangalia karatasi hiyo kwa muda, nikitafuta alipopotelea Mama Wakio.

"Joto la Mghange ulilipima lini?" nikauliza.

"Sijalipima. Tuna kituo cha hali ya hewa hapa Voi. Nachukua joto la hapa, napunguza kufuatana na kimo. Ni njia inayokubalika."

"Umewahi kufika Mghange?"

"Bado."

"Na mbu akishashiba, analala wapi, Daktari? Shambani?"

"Ndani ya nyumba. Ukutani, darini..." Nilimwona akifika pale nilipotaka afike, na nikamwacha afike kwa miguu yake mwenyewe. Nyumba zetu za wakati ule zilikuwa na jikoni zisizozima moto kuanzia alfajiri mpaka watu walale. Nje unavaa sweta mbili. Ndani, karibu na dari, unatoka jasho.

Ouma alifungua droo akanipa vipimajoto sita, vyake binafsi, ndani ya mkebe wa biskuti. Meneja alipojua alimkanya, akasema mradi hauwezi kufuata vipimo vya jikoni. Ouma alinipigia simu kwenye duka la Mghange akanieleza hivyo, kisha akaongeza, "Usivirudishe." Ndiyo mara ya kwanza nilipoanza kumhesabu kama mtu wetu. Nilivitundika darini katika nyumba sita za bonde la chini na nikazizungukia asubuhi, mchana na jioni, miezi miwili. Watu walinicheka. Tulipotandaza shuka jeupe sakafuni kwa binti wa Mama Wakio, aliyekuwa amerudi kumzika mama yake, na kupuliza dawa ili mbu waanguke tuwaone, alisimama mlangoni amekunja mikono. "Sasa mnatafuta mbu? Si mngetuuliza? Wapo tangu watu wa chini wachimbe mashimo ya kumwagilia mboga." Nikapiga magoti nikawaokota, mmoja mmoja. Alikuwa na haki ya kunidharau. Hata mimi, niliyejiona mtetezi wao, nilikuwa nimewauliza kuhusu safari tu, kwa sababu ndilo swali lililokuwa kwenye fomu.

Ouma alipanda Mghange mwezi wa tisa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alitapika kwenye kona mbili. Alitazama kwenye maikroskopu yangu, slaidi moja baada ya nyingine, akiomba nyingine, mpaka ukungu ukatunyima mwanga. Alikaa kwenye jikoni ya watu na kuangalia kipimajoto. Wakati wa chakula Nyambu alimpakulia kimanga kilima kizima, naye akala akitazama sahani, kisha akasema, "Hesabu haikukosea. Mimi ndiye niliyeipa baridi ya shamba badala ya joto la jikoni."

"Kwa Mama Wakio tofauti ni ipi?" nilimwuliza.

Nyambu alinikanyaga mguu chini ya meza lakini sikuomba radhi, na siombi leo. Nimesikia utetezi ule mara nyingi tangu hapo, kwa wasomi wakubwa kuliko Ouma: modeli ni nzuri, data ndiyo mbaya, kana kwamba hivyo viwili huja kwa magari tofauti. Anayechagua wapi apime na wapi akisie ameshaamua nani ataonekana. Tofauti ya Ouma na wengine ni kwamba hakuutumia utetezi ule tena. Alirudi Voi akaingiza vipimo vyetu, akaweka mashimo ya maji, akaweka mioto ya jikoni, na mbele ya mkutano uliofuata aliitoa ramani ukutani kwa mikono yake. Meneja alisema vipimajoto havikuhakikiwa. Ouma akamwambia, "Havikuhakikiwa, lakini vilikuwa Mghange. Changu kilikuwa Voi." Ramani mpya ilionyesha bonde letu limepakwa machungwa. Na ilionyesha kitu kingine ambacho hakuna aliyemwuliza: bonde jirani, upande wa pili wa kilima, nalo lingefuata baada ya mvua za vuli.

Sikuamini. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja bonde lile. Nyambu nami tulipelekwa huko tukiwa na maboksi ya dawa, tukapewa darasa tupu la shule, na kwa wiki tatu tulikaa tukicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Wenyeji walitushangaa. Nilimwambia Nyambu tufunge virago, kwamba Ouma amebahatisha safari hii kama alivyobahatisha ile ya kwanza. Akasema, "Wewe ulilia dawa hazikufika mapema. Leo zimefika mapema unalia tena. Kaa." Tukakaa. Wiki ya nne walikuja wawili. Wiki ya tano darasa lilijaa, watu wamelala kwenye mikeka hadi ubaoni, nami nikawa natia rangi slaidi mpaka vidole vikageuka zambarau. Hakuna aliyekufa. Jioni niliyotambua hivyo nilitoka nje ya darasa, nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa hasira. Mistari ile minne ya hesabu ilikuwa imeona mbele kuliko macho yangu. Ingeweza kuona mbele tangu mwanzo. Kilichohitajika ni mtu mmoja kupanda mlima na kipimajoto. Watu huwa wanadhani niliichukia modeli ya Ouma. Ninachokichukia ni kwamba ilikuwa nzuri kiasi kile, na bado waliiachia ikae ofisini.

Mwisho wa mwaka meneja alinihamisha. Barua ilisema ni kwa manufaa ya kazi, nikapelekwa Bomeni, kule Taveta, kwenye kituo kingine cha mradi, mbali na Nyambu na mbali na ukungu. Nilifika saa nne asubuhi, joto limeshakaa. Msimamizi wa pale, bwana mmoja mchangamfu, alinionyesha ramani mlangoni, eneo lote jekundu kama nyama. "Hapa hutachoka," alisema. "Kila homa ni malaria. Modeli imeshasema. Tunatoa dawa tu, slaidi ni za nini?" Maikroskopu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa gazeti. Niliiteremsha, nikaifuta, nikaipeleka dirishani. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa sekondari, anaungua, shingo ameikaza, mama yake amemshika kwa mikono miwili. Nilimtoboa kidole. Niliangalia slaidi ile kwa makini, mstari kwa mstari, mara mbili, kisha mara ya tatu. Damu ilikuwa safi.

"Huyu hana malaria," nilisema. "Ana kitu kingine, na ni kibaya. Shingo haipindi. Tafuta gari la hospitali sasa hivi."

Msimamizi alicheka, akanyoosha kidole mlangoni. "Dada, hapa ni nyekundu."

"Nimeiona ramani," nikamwambia, nikiwa tayari nimesimama kumsaidia mama kumbeba. "Mtoto huyu hayuko kwenye ramani. Yuko mikononi mwangu. Lete gari."

Akaleta gari.